Jinsi ya Kufungua Kisu kwa Mkono Mmoja

Wahenga walisema mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Walisema hivyo kwa kuwa mikono yao yote miwili ilikuwa huru. Siku hizi tunaishi kwa mmoja tu; wa pili uliajiriwa kitambo, umeshika simu tangu alfajiri, na hata likizo hauombi. Kwa hiyo mtu anayesubiri matatu ya Masii ijae, hapo stendi ya Machakos, akiwa amenunua machungwa manne ya kupitishia muda, hujikuta katika shida ambayo babu yake hakuionja. Kisu cha kukunja kiko mfukoni, chungwa liko kwapani, simu iko mkononi. Kisu hakifunguki mpaka simu iwekwe chini, na simu haiwekwi chini.

Imebaki kukirekebisha kisu.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu huyo. Nimeuandika kwa mkono wa kushoto, polepole, kwa sababu ambazo msomaji mvumilivu atazikuta katika hatua ya sita. Njiani nitakuwa nahesabu mikono. Nina sababu pia.

Hatua ya kwanza: kijue kisu chako kabla hakijakujua

Kisu cha kukunja kina bapa, mpini na springi. Springi imelala mgongoni mwa mpini, inakandamiza kisigino cha bapa usiku na mchana. Kisu kikiwa kimefungwa, springi hukizuia kisifunguke. Kikiwa wazi, hukizuia kisijifunge. Kazi yake yote ni kukataa. Karibu na mgongo wa bapa utaona mfuo mdogo kama mwezi mwandamo uliolala. Huo ni wa ukucha. Aliyeuchora alikuwa na hakika kwamba mkono mmoja utashika mpini na ukucha wa mkono wa pili utavuta. Hakumjua mtu wa stendi.

Visu vyenyewe vina koo zake. Kuna kile chekundu cha Uswisi chenye msalaba, ambacho Karl Elsener alikisajili mwaka 1897, na ambacho kila mwenye shemeji Ulaya huletewa kama zawadi, akakitumia kufungulia soda. Kuna Opinel cha Ufaransa, kilichoanza mwaka 1890, mpini wa mti na pete ya chuma shingoni. Pete hiyo ya kukaza bapa iliongezwa mwaka 1955, maana yake watu walitunza vidole vyao kwa imani tupu miaka 65. Kuna na kile cha mchuuzi wa barabarani, hakina jina wala ukoo, hufunguka kwa sababu zake mwenyewe.

Changu ni Okapi. Aliniachia marehemu baba, ambaye alikinunua Mombasa enzi zake za ukuli bandarini. Okapi kilianza kutengenezwa mwaka 1902 huko Solingen, mji wa wahunzi wa visu nchini Ujerumani, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Afrika. Mwaka mmoja kabla, 1901, wasomi wa Ulaya walikuwa wametangaziwa mnyama wa msitu wa Ituri kule Kongo, ambaye wenyeji wa msitu walikuwa wakimwona na kumla bila kumtangazia mtu. Jina lake, okapi, likavuma. Ndivyo mnyama mpole, mwenye haya, anayekula majani peke yake gizani, alivyopewa kisu chenye makelele kuliko vyote. Bapa la Okapi lina meno kisiginoni. Ukilifungua linalia krr, krr, krr, kila jino likijikaza kwenye springi, na kuna pete ndogo ya kuivuta springi unapotaka kukifunga. Mpini una mwezi na nyota za chuma zilizopachikwa kwenye mti. Tangu 1988 visu hivi hutengenezwa Afrika Kusini, lakini cha baba ni cha Solingen, na alikuwa akikumbusha hilo kila alipotahiri muwa.

Ukumbuke ile pete. Kukifunga kunataka mkono wa kuvuta pete na mkono wa kukunja bapa. Wakati huo sikuliona hilo kuwa jambo la maana; nilikuwa nashughulika na kufungua.

Hatua ya pili: chagua kifaa

Dunia imeshughulikia shida hii kwa bidii ambayo ingetosha kumaliza malaria. Tuanze na Wamarekani. Mwaka 1981, Sal Glesser wa kampuni ya Spyderco, kule Golden, Colorado, alitoa kisu chenye tundu la mviringo kwenye bapa. Kidole gumba kinaingia kwenye tundu, kinasukuma, kisu kimefunguka. Wengine wakaweka kishikizo, yaani kijinundu kidogo kando ya bapa cha kusukumia gumba. Wenye visu vizito vya zamani, kama Buck 110 kilichotoka mwaka 1964, wakauziwa vishikizo vya kubandika: kidude chenye skrubu ndogo kama punje ya mtama, kinang'ata mgongo wa bapa bila kutobolewa kitu. Kisha akaja Ernest Emerson na ndoano juu ya mgongo wa bapa, iliyokusudiwa kwanza kunasa bapa la adui. Ikaonekana kwamba ukikivuta kisu mfukoni ndoano hushika pindo la mfuko na bapa hufunguka lenyewe, hata kabla hujajua unataka kukata nini.

Asiyetaka gharama ana njia ya kebo tai, ile mikanda ya plastiki ambayo mafundi wa umeme hufungia nyaya. Kama bapa lako lina tundu, pitisha kebo tai, kaza, kata mkia, acha kijicho kidogo kitokeze mgongoni. Kitafanya kazi ya ile ndoano. Nawahakikishia kinafanya kazi, maana nimekiona kikifanya. Suruali ya rafiki yangu mmoja ina mfuko mmoja tu sasa.

Kabla hujaamua, fikiria mwaka 2008. Mwaka huo jeshi la Uswisi lilijichagulia kisu kipya cha askari, chenye tundu kwenye bapa ili kifunguliwe kwa mkono mmoja. Mwaka huohuo Ujerumani, jirani yake wa mpaka mmoja, ikaanza kutumia sheria inayomkataza mtu kutembea hadharani, bila sababu ya haki, na kisu cha kukaza kinachofunguka kwa mkono mmoja. Upande huu wa mto Rhine kidude kile ni sare, upande ule ni faini. Nilipolisoma hilo nilijiambia Machakos hatuna mto mkubwa kiasi hicho, nikaendelea.

Hatua ya tatu: jaribu kwanza njia za bure

Wafaransa wa Savoie, alikotoka Opinel, wana ujanja wao wa kizamani. Unageuza kisu, unagonga kitako cha mpini kwenye meza au jiwe, na bapa linajitokeza kidogo, la kutosha kushikwa na gumba. Nilijaribu na Okapi. Niligonga meza ya kulia chakula mara sita. Bapa halikutoka. Alitoka mama watoto, jikoni.

Njia ya pili ni ya uzito. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, askari wa miavuli wa Ujerumani walibeba kisu ambacho bapa lake lilishuka kwa uzito wake lenyewe: bonyeza wenzo mdogo, elekeza chini, bapa hilo. Kilikusudiwa kwa yule aliyetua mtini akanaswa na kamba zake, amebakiwa na mkono mmoja wa kujikatia njia. Nia njema kabisa. Ila sisi wa Machakos tuna tatizo na uzito. Tuna Kyamwilu.

Kwa asiyepajua, Kyamwilu ni mahali kwenye barabara ya kilima cha Kituluni ambapo vitu hupanda badala ya kushuka. Unamwaga maji lamini, yanakwea. Unaweka gari gia huru, linakwenda mlimani lenyewe huku abiria wakitaja majina ya Mungu kwa lugha tatu. Wataalamu husema ni macho yanayodanganywa na umbo la vilima. Wenyeji wana masimulizi mengine, na mimi sitaki ugomvi na upande wowote. Nilichowaza ni hiki: kama kule kwa Wajerumani bapa lilishuka, basi huku litapanda. Nikaenda. Nikasimama katikati ya barabara, nikakielekeza kisu mbinguni, nikasubiri. Wageni wawili waliokuwa wakipiga picha walirudi kwenye gari lao na kufunga milango. Kijana mmoja wa wale wanaowamwagia wageni maji ya maonyesho akanisogelea kwa adabu.

"Mzee, nikusaidie kukifungua?"

"Kinatakiwa kijifungue."

"Kwa mia moja naweza kukifungua."

Akakifungua, kwa mikono miwili. Krr, krr, krr. Tuanzie hapo hesabu yetu: mikono miwili.

Hatua ya nne: mtafute fundi

Hakuna mji wa Kenya usio na mafundi wa jua kali, na wa Machakos wanaweza kutengeneza chochote, kuanzia jiko hadi lango la kanisa. Ni kwa sababu hiyo tu nilimchagua mmoja bila kuuliza kama amewahi kushika kisu cha kukunja.

"Unataka nikifanyie nini, mzee?"

"Nataka kifunguke kwa mkono mmoja."

Akaitazama mikono yangu, wa kulia, kisha wa kushoto. "Huo mwingine una shida gani?"

Nikamwonyesha simu.

"Aa," akasema. "Nimeelewa."

Tukakubaliana atoboe tundu dogo kwenye bapa, tufunge skrubu ndogo na nati, tupate kishikizo. Akalibana bapa kwenye jiliwa, mwanafunzi wake akashika taa, drili ikawashwa. Hapa nataka msomaji anisikilize vizuri, kwa kuwa kuna elimu. Bapa la kisu si kipande cha bati. Lilipashwa mpaka likawa jekundu, likapozwa ghafla likawa gumu na jepesi kuvunjika kama kigae, kisha likapashwa tena kwa moto wa kiasi, nyuzi 200 hivi za selsiasi, ili ugumu upungue kidogo na uvumilivu uingie. Ncha ya kawaida ya drili ni ngumu karibu sawa na bapa lenyewe. Inazunguka palepale, inalia kama mbuzi wa Krismasi, inapata joto, na baada ya dakika moja umenoa bapa na umebutua drili. Kinachoweza kutoboa ni ncha ya kabaidi, mwendo wa pole, mafuta, na subira. Tulikuwa na mafuta.

Ncha ya tatu ilipokatika, fundi akazima mashine. "Tuichomelee nati tu," akasema.

Ningemkatalia. Namwambia kila mtu sasa: mkatalie. Bapa likipata moto wa kuchomelea hubadilika rangi kama mbingu ya jioni: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Rangi ya buluu maana yake limekaribia nyuzi 300, na ule ugumu ambao Solingen waliuhangaikia umekwenda. Nilisimama pale nikiyaangalia mabadiliko hayo nikiyaona mazuri. Nati ilishika. Ilikuwa nati ya boliti ya baiskeli, kubwa kiasi cha kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Kisu kikagoma kufunga. Kishikizo chochote lazima kiwe nje ya ukingo wa mpini bapa linapolala. Hilo ni jambo la kwanza kupimwa, nasi tulilipima la mwisho. Fundi hakushtuka. Alichukua grenda, akauchonga mpini mpaka nati ikapata pa kukaa. Nyota moja ya baba ikaenda na vumbi. Nilipouliza, akaniambia bado mwezi upo.

Fundi mikono miwili, mwanafunzi miwili. Jumla sita.

Hatua ya tano: nenda Wamunyu

Nati ilidumu siku mbili. Ilidondoka ndani ya mfuko wangu, ikajichanganya na sarafu, na nikampa kondakta kama nauli. Kondakta akairudisha kwa kunitazama vibaya. Mzee aliyekaa kando yangu akanitetea kwamba zamani, enzi za pesa za Afrika Mashariki, senti kumi ilikuwa na tundu katikati vilevile, na iliweza kununua vitu. Matatu yenyewe ilikuwa ya Wamunyu, kwa hiyo nikachukulia kuwa ni ishara.

Wamunyu ni kijiji cha wachongaji tangu Mutisya Munge aliporudi kutoka Tanganyika, alikojifunza ufundi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Twiga wa mti aliyesimama kwenye sebule fulani kule Ulaya, shingo ikigusa pazia, ana uwezekano mkubwa wa kuwa mtoto au mjukuu wa ufundi ule. Niliyemwendea alikuwa ameketi chini ya mwembe, kiboko asiyekamilika amebanwa katikati ya nyayo, mkono mmoja unamgeuza, mwingine unashusha tezo. Viungo vyote vinne vilikuwa kazini, na simu yake ilikuwa imetundikwa kwenye tawi ndani ya mfuko wa plastiki, inaimba peke yake.

Nilimweleza. Hakucheka, na hilo lilinipa moyo. Alichukua kijipande cha mpingo kilichobaki kwenye kazi nyingine, akakichonga kikawa kama punje ya mahindi, upande mmoja bapa, upande wa pili umekwaruzwa ili gumba lisiteleze. Kisha akafanya mambo ambayo fundi wangu hakuyafanya, nami nayaandika kwa utaratibu wake, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya mwongozo huu inayofaa kufuatwa.

Alifunga makali yote kwa seloteipu kwanza, mara mbili. Alikunja kisu, akachora kwa penseli mpaka wa mpini juu ya bapa, akapima kwa gumba langu mwenyewe, si lake. Kishikizo kikikaa karibu mno na riveti utahitaji nguvu za punda. Kikikaa mbali mno gumba litaishiwa njia bapa likiwa nusu wazi. Kwa kiganja changu ilikuwa kama sentimita 2 kutoka kwenye riveti. Alisugua mahali hapo kwa msasa mpaka mng'ao ukaisha, akafuta kwa spiriti, asipaguse tena kwa kidole. Akachanganya Araldite, mirija miwili kwa kipimo sawa, akabandika, akabana kwa kibanio cha nguo, akaniambia nisikiguse mpaka kesho saa kama hizo. Akatia tone moja la mafuta kwenye riveti na moja kwenye springi.

Nilimwuliza kwa nini yeye hana kisu cha kukunja. Akanionyesha kisu chake, kifupi, kisicho na bawaba yoyote, kimechomekwa kwenye gogo mbele yake. Nikaona hajanielewa swali.

Mikono miwili. Jumla minane. Nyayo zake sizihesabu, ingawa zilistahili.

Hatua ya sita: fanya mazoezi

Kilifanya kazi! Nasema hivi kwa wale waliokuwa wakingoja nianguke. Kesho yake jioni nilikibandua kibanio, nikatoa seloteipu, nikaweka gumba kwenye kijimpingo, nikasukuma. Krr, krr, krr, kisu wazi, simu iko mkono wa kushoto, haijatikisika, ujumbe wa kikundi cha harambee unaendelea kuingia. Nikakifunga, nikafungua. Nikakifunga, nikafungua. Kila kufunga niliiweka simu mapajani, kwa sababu ya ile pete, lakini furaha haihesabu vitu kama hivyo.

Basi sikiliza kanuni za mazoezi. Fanya mchana. Fanya umesimama, hakuna mtu mbele yako, mguu hauko chini ya mkono. Rudisha seloteipu kwenye makali mpaka ufungue mara mia bila kuteleza. Usifanye stima ikiwa imepotea, huku kijana wako akikumulikia kwa tochi na wewe ukimweleza historia ya Solingen. Usitazame simu.

Gumba lilivuka kijimpingo likaendelea na safari. Bapa lililochomwa mpaka likawa buluu lilikuwa limekataa kukata chungwa wiki nzima; kidole lilikikata bila malalamiko yoyote. Kijana alishika tochi kwa uaminifu, ndipo nikaona vizuri. Mama watoto alifika na kusimama mlangoni, mikono yote miwili kiunoni, na sitayaandika aliyoyasema kwa kuwa hayahusiani na visu peke yake.

Zahanatini sista aliuliza ilikuwaje.

"Kisu kilifunguka."

"Kwani ulitaka kisifunguke?"

"Nilitaka kifunguke."

Akaandika kitu kirefu kuliko jibu langu. Nyuzi tatu na sindano ya pepopunda. Kijana, mkono mmoja. Mama watoto, miwili. Sista, miwili. Jumla kumi na tatu, na bandeji yenye ukubwa wa yai.

Hatua ya saba: jitokeze hadharani

Kwa kuwa umegharamika, utataka watu wakione. Hapo ndipo sheria inapoingia. Kisu cha kumenyea chungwa hakimsumbui mtu. Lakini Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, katika kifungu cha 308, humtazama mtu aliyekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa, na anayepima mazingira si wewe. Kisu kinachofunguliwa kwa ukucha, polepole, kina sura ya babu na muwa. Kikiruka wazi kwa gumba mbele ya askari kwenye kizuizi pale Kyumvi, jiandae kueleza maana ya kijimpingo, na ueleze bila kukionyesha kinavyofanya kazi.

Mimi sikufika Kyumvi. Niliishia mlango wa duka kubwa mjini. Kigunduzi kililia, mlinzi akanipapasa kwa mikono yote miwili, akakitoa, akakigeuzageuza.

"Hii nyota nyingine ilienda wapi?"

Nikamwambia hadithi ni ndefu. Akakiweka kwenye sanduku pamoja na miavuli, akanipa namba. Kumi na tano.

Hatua ya nane

Nilipotoka nikiwa na kisu changu nilipitia Marikiti, nikiwa na hamu ya kitu kitamu cha kuniliwaza. Kuna mzee anauza mananasi pale, vipande kwa vipande. Mkono wake wa kushoto unaishia kwenye kiwiko. Nimenunua kwake miaka, na sikuwahi kuangalia anafanyaje. Safari hii niliangalia, kwa kuwa sasa nilikuwa mtaalamu.

Ana ubao mnene uliopigwa misumari mitatu kutoka chini, ncha zimetokeza juu. Nanasi analichomeka hapo, linasimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Kisu chake ni cha jikoni, kirefu, mpini umefungwa raba ya tyubu ya baiskeli. Kinashuka upande huu, ubao unazungushwa kwa kiwiko, kinashuka upande ule. Maganda yote yako chini kabla hujamaliza kusema habari ya asubuhi.

Nikamwonyesha Okapi. Nikamweleza kila kitu, Colorado, Kyamwilu, fundi, Wamunyu, nikakifungua mbele yake kwa kidole cha shahada kwa kuwa gumba lilikuwa likizo. Krr, krr, krr. Alitazama kwa heshima. Ni mtu wa heshima.

"Kikishafunguka?"

"Kinakata."

"Halafu?"

"Nakifunga."

"Kwa mkono mmoja?"

"Miwili."

Akafuta kisu chake kwenye aproni, akakichomeka mahali pake, kwenye ufa wa meza, wazi kama kilivyoshinda tangu asubuhi. "Sasa, mzee mwenzangu," akasema, "mbona unakifunga?"

Nikatoa simu nilipe ili nisijibu. Simu yangu hufunguka kwa alama ya kidole gumba cha kulia. Nikaiwekea bandeji, ikakataa. Ikaniomba namba ya siri ambayo niliiweka miaka mitatu iliyopita siku niliyoinunua, na tangu hapo sikuitaka tena. Nikajaribu mwaka wa kuzaliwa. Nikajaribu mwaka wa ndoa. Ikaniambia nisubiri sekunde thelathini.

"Utalipa kidole kikipona," akasema.

Akakata kipande, akakichoma kijiti, akaninyooshea. Mkono wa kushoto ulikuwa na simu inayohesabu sekunde, wa kulia ulikuwa na bandeji na kisu kilicho wazi ambacho siwezi kukifunga. Alingoja kidogo, akaona hakuna pa kukipokelea. Huo ulikuwa mkono wa kumi na sita.

"Haya," akasema. "Fungua mdomo."